Mlango wa Shule Umechelewa

Ndugu zangu wa Arua na Koboko, nawaandikia kuhusu karatasi moja. Ni kadi ya kliniki, ile anayopewa mama mtoto anapozaliwa. Wengine wameihifadhi ndani ya Biblia au msahafu, wengine wameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuichomeka chini ya nyasi za paa ili mvua isiifikie, na wengine hawajui tena iko wapi. Kabla sijasema neno juu ya sheria, na kabla hatujaanza kubishana, naomba uiwaze kadi hiyo, ya mtoto wako au ya mtoto wa jirani yako.

Maana kubishana tunabishana sana. Sokoni, msibani, kwenye vijiwe vya boda boda, hata redioni wasikilizaji wanapopiga simu, swali ni lile lile: je, ni haki mzazi alazimishwe kumchanja mtoto wake? Mmoja atasema mtoto ni wa mzazi, serikali haikumzaa. Mwingine atamjibu kwamba surua ya mtoto wako haikai kwako, inaruka ua na kumfuata wangu. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, na kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Lakini wote wawili husahau mambo mawili. La kwanza, sheria hiyo tunayo tayari. La pili, hata ingekuwa kali mara kumi, hapa kwetu peke yake isingetosha.

Sheria ya Chanjo ya 2017 inamtaka kila mzazi au mlezi ahakikishe mtoto amechanjwa. Inataka kadi ya chanjo ionyeshwe mtoto anapoandikishwa shule. Anayekaidi anaweza kufungwa hadi miezi sita. Wengi wanadhani jambo hili lilibuniwa Kampala na watu wasiotujua, na ni vizuri waambiwe kwamba aliyeupeleka mswada huo bungeni ni binti wa West Nile, Huda Oleru, wakati huo mbunge mwanamke wa Yumbe, aliyeongoza jukwaa la wabunge wa Uganda kuhusu chanjo. Wakati ule upande wa Busoga kulikuwa na kundi la kidini lililojulikana kama 666, lililowakataza wafuasi wake kuchanja watoto, na wazazi walikuwa wakikamatwa. Naielewa nia ya waliotunga sheria. Siipingi. Mtoto wa miezi tisa hana mdomo wa kujitetea, na pale mzazi anapokataa kwa ukaidi mtupu, lazima awepo mtu wa kusema kwa niaba ya mtoto.

Hata hivyo, tuangalie sheria hiyo inapofanya kazi hasa. Inafanya kazi kwenye mlango wa shule. Mtoto wetu anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Chekechea nayo imetajwa, lakini vijijini watoto wengi hawapiti huko. Sasa ifungue ile kadi. Siku ya kuzaliwa: chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio. Wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14: kinga ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, nimonia, kuhara. Miezi 9: surua na rubela, na tangu 2022 homa ya manjano pia. Miezi 18: dozi ya pili ya surua na rubela. Kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu, karibu kila kitu kimekwisha. Mwalimu anayeomba kadi mlangoni anauliza habari ya miaka minne na nusu iliyopita. Mtoto ambaye surua ingemwua, mara nyingi imeshamwua kabla hajajua kushika kalamu. Na aliyenusurika bila chanjo akarudishwa nyumbani kwa kukosa kadi, ameadhibiwa yeye kwa kosa la mkubwa.

Halafu, nani atakwenda jela? Baba yuko Juba na lori, au Ariwara na biashara yake. Mama ndiye atakayekutwa nyumbani, ana mtoto mwingine mgongoni na anayenyonya kifuani. Sijaona bado jinsi kumfunga mwanamke huyo miezi sita kutakavyomfanya mtoto wake awe na afya.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Nendeni pale Salia Musala, Koboko, mahali nchi tatu zinapokutana. Mkakwa akisimama hapo anaweza kumwona ng'ombe wa mjomba wake akila majani katika nchi nyingine. Ndugu zake wako Koboko, wako Yei, wako upande wa Kongo. Mlugbara wa Arua ana shangazi zake Aru na Ariwara, huko Kongo, na siku ya soko anavuka kama mtu anayekwenda kwa jirani. Na ndivyo ilivyo, anakwenda kwa jirani. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, ni njia hizi hizi wazee wetu walizozipita wakikimbilia Zaire na Sudan, na wengi wenu mnaosoma hapa mlizaliwa huko. Leo wanaokimbia wanakuja kwetu, Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi kule Yumbe, na Lobule hapa Koboko, ambako Wakongo waliopokelewa wengi ni Wakakwa wenzetu.

Sheria ya Uganda inakomea mpakani, Oraba. Surua haikomei. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani katika chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokuwa karibu naye, hadi tisa wataugua. Mwaka 2019 Kongo ilipata mlipuko wa surua ulioshika watu zaidi ya 310,000 na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Waliokufa kwa surua walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliokufa kwa Ebola iliyokuwa ikiendelea kule Kivu na Ituri, ingawa Ebola ndiyo iliyojaza magazeti. Ituri ndiyo hiyo tunayoiona ng'ambo ya Vurra. Na mwaka huo huo homa ya manjano ikathibitishwa hapa hapa Koboko, ugonjwa unaobebwa na mbu, nao mbu haombi kibali cha kuvuka.

Hakuna mwalimu mkuu wa Koboko anayeweza kumdai kadi mtoto anayelala Kaya, ng'ambo ya mpaka, na kucheza Oraba. Hakuna polisi wa Arua wa kumkamata mama anayelima ng'ambo. Lakini wewe unaweza kumwambia binamu yako, "Jumanne njoo na mtoto, nitakusindikiza kliniki." Chanjo katika vituo vya serikali ni bure, na mkimbizi na mgeni huchanjwa kama mwenyeji. Watoto wanaovuka kutoka Sudan Kusini hupewa chanjo za surua na polio pale pale kwenye vituo vya mapokezi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wao wa kuwaambia kwa lugha yao kwamba mlango uko wazi. Mpaka uligawa serikali, haukugawa shangazi.

Hofu zetu nazo lazima tuzizungumze kwa heshima. Nimechoka kuwasikia watu wenye vyeti wakisema kwamba wazazi wanaosita ni wajinga. Watu wa West Nile wana kumbukumbu, na kumbukumbu si ujinga.

Wazee walitusimulia habari za Rembe, nabii wa Kikakwa, na maji yake ya Yakan. Mwishoni mwa karne ya 19, tauni ya ng'ombe ilipofyeka mifugo na homa ya uti wa mgongo ikawamaliza watu, wakubwa wa Kilugbara walisafiri hadi kwake kutafuta maji ya kunywa ya kuwakinga, wakarudi nayo kwa watu wao. Baadaye Waingereza waliyaona maji hayo kuwa uasi. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, na waliosimama kwa jina la Yakan mwaka 1919 walipigwa kwa bunduki. Nina mambo mawili ya kusema juu ya habari hiyo. Kutafuta kinga dhidi ya maradhi ya mlipuko si jambo la kigeni kwetu, ni jambo ambalo wazee walilitembelea kwa miguu siku nyingi, na aliyelipata hakulificha, alilibeba hadi kwa ndugu zake. Na serikali ambayo babu yako aliijua kwa bunduki, wewe huwezi kuiamini kwa sababu tu imekuja na gari jeupe.

Miaka ya 1972 hadi 1974 watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walizunguka West Nile wakiwatoa damu watoto wapatao 42,000. Walitaka kujua kama kirusi fulani hutangulia ile saratani ya taya iliyokuwa ikiwaua watoto wetu, ambayo daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa nje kidogo ya Arua, alikuwa akiiandika kwenye daftari zake kwa miaka. Majibu yalipatikana na kutangazwa mwaka 1978: ndiyo, kirusi hicho huja kwanza. Vitabu vya udaktari duniani kote vina deni kwa watoto hao. Leo hao ni bibi na babu. Bibi aliyetolewa damu akiwa na miaka mitano, akiuliza "mnataka nini tena kwa mjukuu wangu?", anastahili kukalishwa kitini na kujibiwa polepole, mpaka aseme nimeelewa.

Kuna hofu iliyo karibu zaidi. Mwezi Mei 2017, katika kampeni ya surua huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa. Habari hiyo ilifika Koboko mapema, kwa watu wanaopigiana simu kila jioni. Uchunguzi uliofanywa na serikali ya kule pamoja na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kilichotokea: bomba moja la sindano lilitumika tena na tena kwa siku nne nzima, chanjo haikuwekwa kwenye baridi, na waliokuwa wakichanja hawakuwa na ujuzi, hata watoto wadogo walishikishwa kazi hiyo. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro ilipotoka kiwandani. Uzembe uliigeuza uchafu. Siandiki haya kukutisha. Nayaandika kwa kuwa ukiyajua unajua pia la kudai. Mtoto wako anapochanjwa, bomba lifunguliwe kutoka kwenye pakiti yake mpya mbele ya macho yako, na likishatumika mara moja liingie kwenye boksi la kuchomwa. Mabomba yanayotumika sasa hujifunga yenyewe baada ya dozi moja. Muulize muuguzi. Si utovu wa adabu, na muuguzi mzuri atafurahi umeuliza.

Tuseme pia ukweli kuhusu matone ya polio, maana ukifichwa utakuja kusemwa na mwingine kwa ubaya. Matone yale yana kirusi kilichodhoofishwa. Pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kirusi hicho kinaweza kuzunguka kwa muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto mpaka kikarudisha nguvu zake. Kirusi cha namna hiyo kilionekana kwenye maji taka ya Kampala mwaka 2021, na ndiyo sababu Januari 2022 watu walipita nyumba kwa nyumba na matone ya aina mpya, yaliyotengenezwa ili yasibadilike kirahisi. Kama kuna funzo katika hilo, ni kwamba kuchanja nusu ya kijiji ni hatari kuliko tunavyofikiri. Ama tuwakinge wote, au tukiachie kirusi njia.

Na ule uvumi wa ugumba? Ulizunguka juu ya chanjo ya pepopunda, hasa baada ya maaskofu Wakatoliki wa Kenya kuitilia shaka mwaka 2014. Ulizunguka juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Uganda iliwafikishia wasichana wa miaka kumi nchi nzima mwaka 2015. Mpango wa taifa wa chanjo ulizinduliwa mwaka 1983. Sensa iliyoutangulia, ya 1980, ilihesabu watu milioni 12.6. Ya 2024 imehesabu milioni 45.9. Wasichana waliochanjwa miaka ile ndio mama zetu na dada zetu, nao walizaa.

Sasa nirudi kwenye neno lazima, kwa sababu mimi nalikubali, ila nataka lifunge pande zote mbili.

Dada yangu mdogo aliwahi kutembea na mtoto wake wa miezi tisa asubuhi nzima hadi kituo cha afya, chini ya jua la Februari. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Watoto waliofika siku hiyo walikuwa watatu, na kichupa cha chanjo ya surua kina dozi kumi. Kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya saa sita lazima kimwagwe. Muuguzi hakutaka kumwaga dozi saba. Wiki iliyofuata dada aliumwa, iliyofuata tena palikuwa na palizi, na mtoto akafikisha mwaka na miezi miwili bila sindano ile. Kwenye takwimu za wilaya anahesabiwa mtoto ambaye mama yake hakumleta. Alimleta. Nilimwona akirudi, vumbi hadi magotini, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa amechoka tu.

Mwongozo wa chanjo unasema wazi kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi saba zilizomwagwa ni hasara ndogo, mtoto mmoja aliyerudishwa ni hasara isiyopimika. Nawasihi wauguzi wetu, ambao najua mnafanya kazi mkiwa wawili mahali pa watu sita: fungueni kichupa. Nawasihi maafisa wa afya wa Jiji la Arua, wa Koboko na wilaya zote jirani: msimpigie hesabu ya upotevu muuguzi aliyefungua. Na jokofu likiharibika, gesi ikiisha, chanjo isipofika kutoka ghala la taifa, watu watangaziwe redioni jioni ile ile ili mama asitembee bure. Radio Pacis inasikika hadi ng'ambo ya mpaka. Tangazo la dakika moja linaokoa safari mia.

Serikali inayotaka kumfunga mama kwa kutofika kliniki inapaswa kwanza kuhakikisha mama aliyefika hajarudishwa. Hiyo ndiyo hukumu yangu katika mjadala huu wa lazima na hiari, na sitaibadilisha kwa urahisi. Wajibu uanze kwa mwenye jokofu, ndipo umfikie mwenye mtoto.

Historia ya Uingereza inatuonyesha kitu hapa. Mwaka 1853 walitunga sheria ya kuwalazimisha wazazi kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ndui. Walitoza faini, wakafunga watu, wakauza vyombo vya maskini walioshindwa kulipa. Mwaka 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana katika mji wa Leicester kuipinga, na mwaka 1898 bunge lao likakubali mzazi aliye na pingamizi la dhamiri asiadhibiwe. Ndui ilikuja kumalizwa duniani kwa njia nyingine: watu waliokwenda mlango kwa mlango, wakamtafuta kila mgonjwa, wakakaa na jamaa zake, wakawachanja wote waliomzunguka.

Na mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mwenzetu wa Afrika Mashariki. Jina lake Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliingia ndani ya gari lililobeba watoto wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na chanjo ilikuwepo, lakini aliikwepa kwa sababu aliogopa sindano. Akaugua, akapona, na baada yake ndui haikumpata mtu mwingine kwa njia hiyo mahali popote. Miaka mingi baadaye, polio iliposumbua Somalia, Maalin alijitolea kuzunguka vijijini. Kwa mama waliosita alisimulia habari zake mwenyewe, jinsi alivyoogopa na akawa wa mwisho. Mwaka 2013 alipatwa na malaria akiwa katika kazi hiyo hiyo ya polio, akafariki.

Namfikiria Maalin kila ninapomsikia mtu akimzomea mzazi anayesita. Anayeogopa leo ndiye anayeweza kuwa shahidi bora kesho, akipata mtu wa kukaa naye.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nayaomba kwa watu ninaowafahamu.

Baba, naanza na wewe. Mara nyingi mama yuko tayari, ila anangoja neno lako au nauli yako. Mtumie vyote viwili. Nimewaona wanaume wa Arua wakibeba wagonjwa kwenye machela kilomita nyingi, kwa hiyo sikubali kwamba kumbeba mtoto mchanga hadi kliniki ni kazi ya wanawake. Beba. Wenzako watakucheka siku moja, siku ya pili watakuuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Masheikh wetu, mapadri, wachungaji wa Mvara na Ediofe na wa makanisa madogo ya chini ya mwembe, ninyi huaminiwa kabla ya redio. Siku ya Ijumaa au Jumapili, baada ya ibada, ulizeni tu: nani ana mtoto aliyefikisha miezi tisa? Nani ana wa miezi kumi na minane? Dozi hii ya pili ya surua ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakimbia na kucheka na mama haoni sababu ya kwenda kliniki. Lakini dozi ya kwanza, ikitolewa kwa miezi tisa, huwaacha kama watoto 15 katika kila 100 bila kinga kamili. Ya pili ndiyo inayowafikia hao.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wewe unamjua kila mgeni aliyeingia kijijini na kila mtoto aliyezaliwa. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale VHT wetu, wanatembea kwa miguu bila mshahara. Tembea nao siku mbili kwa mwezi. Uwepo wako utafungua milango ambayo wao peke yao hawawezi kuifungua.

Walimu, sheria imewapa nguvu ya kudai kadi. Itumieni kumwelekeza mtoto kliniki, msiitumie kumfungia nje. Mwandikisheni, aketi darasani, kisha mpeni mzazi wiki mbili. Na mkiwa na mtoto wa darasa la kwanza asiye na kadi, jueni kwamba nyumbani yumkini kuna mdogo wake, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi kuliko yule mnayemwona.

Wafanyabiashara wa Ariwara, madereva wa malori ya Juba, vijana wa boda boda wa Oraba, mnavuka kila siku. Bebeni neno. Semeni huko kwamba Koboko wanachanja bure, siku fulani, mahali fulani. Kuna mambo mapya ya kusema pia: tangu Aprili 2025 Uganda imeanza kutoa chanjo ya malaria, dozi nne, katika miezi ya 6, 7, 8 na 18, katika wilaya 105. Ilizinduliwa Apac. Kwa watu waliozika watoto kwa malaria kama tulivyozika sisi, habari hiyo inastahili kupigiwa simu usiku.

Na wewe mama unayesita, sitaki kukushinda kwa maneno. Nenda na maswali yako yote. Uliza kwa nini mtoto hupata homa usiku wa siku ile, kwa nini bega huvimba, kwa nini ile ya kifua kikuu huacha kovu. Homa hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, na ikizidi rudi kituoni, ni haki yako kupokelewa. Usipojibiwa vizuri na wa kwanza, muulize wa pili. Ila usikae na swali nyumbani mtoto akiwa hana kinga, kwa sababu surua haitakungoja upate jibu.

Leo jioni itafute ile kadi. Ikiwa imeandikwa Kiingereza na hukisomi, mpe mtoto wa shule akusomee tarehe zilizojazwa na nafasi zilizo wazi. Ikiwa imepotea, nenda hivyo hivyo, kituo kitakuandikia nyingine na hakuna anayeruhusiwa kukufukuza kwa hilo. Kisha mpigie shangazi aliye ng'ambo, umuulize wa kwake amefikisha miezi mingapi.